Kujaza karatasi ya besiboli siku mrushaji hajapigwa

Kazi hii nilifundishwa Cleveland na mzee niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, basi yeye alitazama runinga na mimi nikaandika. Wengi wetu tuliohamia Marekani tunaona besiboli imepooza. Shika penseli, uone inavyobadilika, hasa mrushaji anapoinyemelea nohita, yaani raundi tisa nzima bila mpinzani hata mmoja kupata hiti (pigo linalomfikisha mpigaji salama bila kosa la mlinzi).

Anza na namba za walinzi. Mrushaji ni 1, mdakaji 2, mlinzi wa besi (kituo ambacho mpigaji hukikimbilia) ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, anayesimama kati ya ya pili na ya tatu ni 6. Nje kushoto 7, katikati 8, kulia 9. Mpira ukiokotwa na 6 akaurusha kwa 3 kabla mpigaji hajafika, andika 6-3. Akitolewa kwa straiki tatu, yaani mirusho mizuri aliyoikosa au kuiacha ipite, andika K.

Sasa pale panapowachanganya watu. Mpigaji anaweza kufika besi na nohita isivunjike. Akipewa besi kwa mirusho minne mibaya, andika BB. Mlinzi akifanya kosa, andika E na namba yake. Tarehe 4 Septemba 1993, Jim Abbott, mrushaji wa Yankees ya New York, aliwapa timu ya Cleveland besi tano za BB, lakini hiti hawakupata hata moja. Abbott alizaliwa bila kiganja cha kulia. Aliliegemeza glavu kwenye mkono huo, akarusha kwa kushoto, kisha papo hapo akauchomeka mkono wa kushoto ndani ya glavu awe tayari kudaka. Mzee alikuwa shabiki wa Cleveland tangu utotoni, na bado alimtaja Abbott kwa heshima kubwa kuliko hata Nolan Ryan, mrushaji mwenye nohita saba.

Kama hafiki besi mtu yeyote, wanakuja 27 na kurudi 27, hiyo ni gemu kamili. Kwenye World Series, yaani fainali ya ubingwa, imetokea mara moja tu, mrushaji akiwa Don Larsen, 1956.

Usiandike hiti wala kosa kwa haraka. Mwamuzi uwanjani anasema tu kama mtu yuko salama au ametoka. Hiti au kosa huamuliwa na mwandishi rasmi aliyekaa juu jukwaani, naye anaweza kubadili uamuzi baadaye. Ndiyo maana ya penseli na kifutio.

Kuanzia raundi ya sita, angalia safu ya hiti. Ikiwa bado sifuri, nyamaza. Kwenye benchi wenzake humkwepa mrushaji, wala hakuna anayelitaja jambo lenyewe, kwa kuogopa mkosi. Mzee naye hakusema; alikuwa akiigusa ile sifuri kwa kidole, nami nikajua.

Tarehe 2 Juni 2010 aliigusa mapema. Armando Galarraga, mrushaji wa Detroit, aliwatoa wapigaji 26 wa Cleveland mfululizo. Raundi ya tisa Austin Jackson akakimbia mbali kuelekea ukutani, akadaka mpira uliokuwa ukimpita juu ya bega: nikaandika 8, mkono wangu nao ukitetemeka. Mpigaji wa 27, Jason Donald, akaupiga chini. Miguel Cabrera akauokota, akamrushia Galarraga aliyekimbilia besi. Nilikwisha andika 3-1. Mwamuzi Jim Joyce akasema salama.

Runinga ilirudia picha, na Donald alikuwa ametoka waziwazi. Joyce mwenyewe alikiri kosa lake usiku uleule. Lakini karatasi huandikwa kilichoamuliwa, hata kama macho yako yameona kingine, basi nikafuta, nikaandika 1B, yaani hiti ya besi moja. Mpigaji wa 28 akatoka, 5-3, Detroit ikashinda 3-0.

Timu ya mzee ndiyo iliyokuwa imeponea, na hakufurahi hata kidogo. Akaniomba penseli. Ilimchukua muda mrefu, herufi zikipinda, kuandika pembeni mwa kile kisanduku: 3-1.