Somo: Kuiwasha Linux kwenye 486

Linux ilianzia kwenye 386 (prosesa ya zamani ya Intel) mwaka 1991, lakini kerneli (kiini cha Linux) 3.8 ya 2013 ikaitupa mkono chipu hiyo. Leo tunashughulika na 486, mrithi wake, kwa kerneli 5.10. Debian ya kawaida iache: tangu toleo la 9 (2017) iliacha chipu zote zilizo chini ya 686 (kizazi cha Pentium Pro).

1. Soma maandishi juu ya chipu. DX ina FPU (kitengo cha hesabu za desimali) ndani, SX haina. RAM iwe MB 16. Chini ya hapo utahangaika bure.

2. Kompaili kwenye mashine yako mpya, maana 486 yenyewe itakuzeesha. Kila kitu kipite kwenye -march=i486 (kompaila itoe amri za 486 tu), hasa maktaba ya C (mimi natumia musl). Wengi hukwama hapa: kerneli inawaka vizuri, kisha ghafla:

Attempted to kill init! exitcode=0x00000004

Yaani init, programu ya kwanza, imekufa; hiyo 4 ni amri ambayo prosesa haiijui. Mara nyingi ni CMOV, iliyokuja na Pentium Pro mwaka 1995, na imeingia kupitia maktaba iliyokompailiwa kwa 686. Busybox (amri za msingi za Linux ndani ya faili moja) ukiifunga "static", yaani maktaba ikiwa ndani yake, ikague hivi:

objdump -d busybox | grep cmov

Ukiona hata mstari mmoja, kompaili upya.

3. Kerneli: make ARCH=i386 tinyconfig, kisha menuconfig (menyu ya chaguo). Chagua 486DX au 486SX. Tinyconfig huzima karibu kila kitu, kwa hiyo rudisha ELF, TTY, printk, initramfs (mafaili ya kuanzia yenye busybox, ndiyo mizizi.gz hapo chini), siriali ya 8250 na PATA legacy.

4. Jaribu kwanza kwenye emuleta:

qemu-system-i386 -cpu 486 -m 16 -kernel bzImage -initrd mizizi.gz

Usiweke -enable-kvm! Ukiiweka, CMOV inatekelezwa na chipu yako mpya, jaribio linapita, halafu 486 halisi inagoma.

5. Hamishia kwenye kadi ya CF (CompactFlash) yenye adapta ya IDE. BIOS nyingi za enzi hizo hazioni zaidi ya MB 504, basi kerneli ikae mwanzoni mwa kadi.

MASWALI

– Mkuu, nina SX ila "Math emulation" siioni kwenye menyu.

Washa kwanza "Enable the LDT", tinyconfig imeizima. Na hakikisha umechagua 486SX. Kwa 486DX haitokei kabisa.

– Shukrani kwa somo kaka. QEMU imepita, lakini si ina FPU yake? SX yangu itakubali kweli?

Umeuliza la maana dada. Ongeza -append "no387". Kerneli itajifanya haina FPU na hesabu zote zitapitia emulesheni. Ikipita hapo, SX haina sababu ya kukataa.

– Na sisi wa 386?

Kerneli 3.7 kurudi nyuma. 386 haina amri ya CMPXCHG, tena kerneli yenyewe ikiandika kwenye ukurasa wa kumbukumbu uliofungwa usiandikwe, chipu haizuii, kwa hiyo ilibidi kubeba msimbo wa pekee kwa ajili yake. Mwenye 286 ahamie ELKS (Linux ndogo ya chipu za kale), hiyo haihitaji MMU (kitengo cha kusimamia kumbukumbu).