Unachora na unataka kutengeneza gemu zako mwenyewe hapa Dar? Anza hivi

Vijana wanaochora vizuri wapo kila kona ya Dar, Mbagala, Sinza, Gongo la Mboto kote huko, ila wengi wanaishia kuchora sura za wasanii wa bongo fleva na kuposti basi. Kama kweli unataka kuchora kwa kompyuta na kutunga gemu iwe kazi yako, kitu cha kwanza kujifunza ni KUMALIZA gemu. Iwe ndogo, iwe ya dakika tatu, ila imeisha na mtu anaweza kuicheza.

Vifaa visikuumize kichwa. Laptopu iliyotumika ya Kariakoo yenye RAM ya GB 4 inatosha kwa gemu ya 2D, yaani ya picha bapa, ila iwashe palepale dukani alafu chomoa chaja uone betri inakaa mda gani, maana umeme ukikatika kazi haijaseviwa utalia. Programu ni bure: Krita ya kuchorea, Blender kama unataka 3D, na Godot ya kuundia gemu yenyewe, na hawa Godot hata gemu yako ikiuza hawakudai hata asilimia moja. Huna laptopu? chora kwa simu na ibisPaint, Godot nayo ina toleo la Android. Tableti ya kuchorea utanunua baadae kwa hela ya kazi.

Sasa gemu gani. Ile ya ndoto yako yenye mji mzima na magari iache kwanza. Chukua rede. Si tumeicheza wote, wawili wanarusha mpira, we uko katikati unakwepa huku unajaza mchanga kwenye chupa. Hebu iangalie vizuri: ukiinama kujaza unapigwa, ukikwepa tu chupa haijai, kwahiyo kila sekunde unaamua niiname au nisubiri. Gemu yenyewe ndo hapo kwenye huo uamuzi, picha zinakuja nyuma. Tengeneza kwa viboksi tu, boksi jekundu ndo mpira, la njano ndo mchezaji, badilisha spidi, badilisha ukubwa wa chupa, cheza tena na tena mpaka viboksi vyenyewe vinoge. Najua sisi wachoraji mkono unawasha tunataka kuchora siku ya kwanza, lakini kila ukibadili sheria unatupa michoro ya wiki nzima. Na ukitaka kuona sheria chache zinavyozaa mchezo usioisha utamu nenda kakae na wazee wanaocheza bao, mashimo 32 na kete 64 tu na watu wanazeeka bado wanajifunza.

Viboksi vikinoga ndo uchore, na chora kwa ajili ya simu za watu wetu: skrini ndogo, jua la saa saba kituoni, bando la kuungaunga. Rangi zitofautiane sana, maandishi makubwa, faili liwe dogo.

Alafu jaribisha. Hii hatua watu wanairuka na inaniuma sana. Mpe dogo wa jirani simu, usimwelekeze chochote, kaa kimya uangalie kidole chake kinagusa wapi. Akikwama sehemu moja na mwenzie akakwama palepale, tatizo ni gemu. Ukianza kumwambia "bonyeza hapa" umeshaharibu, maana hutakuwepo kwa kila atakayeipakua.

Hela ya kula itatoka kwenye michoro kwanza, gemu inachelewa kulipa. Logo, kava za nyimbo, posta, michoro ya vitabu vya watoto. Chukua nusu kabla hujaanza, mteja mtumie picha ndogo yenye jina lako juu yake, faili kamili atalipata hela ikishaingia kwenye simu. Mkubaliane mapema marekebisho mara ngapi, bila hivyo utarekebisha mpaka Idd. Na kazi zako kubwa zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Kuuza gemu, anzia itch.io, tovuti ya kuuzia gemu, kuweka ni bure na asilimia yao unapanga mwenyewe. Google Play ni dola 25 mara moja tu, ila akaunti mpya ya mtu binafsi inadai watu 12 wakujaribie gemu siku 14 mfululizo kabla haijaruhusiwa kwenda hewani, kwahiyo washkaji wa kukujaribia watafute mapema wenye simu za Android. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ni dola 100 kwa kila gemu na wanakata asilimia 30, huko nenda na gemu ya kompyuta iliyoiva, na ujue Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwahiyo mapato ya wanunuzi wa Marekani yanakatwa kodi asilimia 30 nyingine kabla hayajakufikia. Weka hiyo kwenye hesabu wakati unapanga bei.

Jina utakalojaza kwenye hizo akaunti liwe lilelile la NIDA na la benki, herufi kwa herufi. La usanii liweke kwenye ukurasa wa gemu.