Jiko la kauri: dogo au kubwa?

Ukisita kati ya jiko dogo la mkaa la kauri (kamado, lile nene lenye mfuniko la kuchomea nyama) na lile la saizi kamili, usianze kwa kuhesabu walaji. Angalia kwanza nafasi kati ya mkaa na wavu. Kwenye dogo nyama hukaa karibu na moto: vipande vyembamba vinaiva chap, ila kuku mzima huungua chini huku mgongo ukikaribia kugusa mfuniko. Kubwa, lenye wavu wa sentimita 46 hivi, unaweza kusogeza mkaa upande mmoja na nyama ukaiweka upande wa pili.

Dogo linakula mkaa kidogo, kweli. Lakini ukipika kwa saa nyingi, huenda ukalazimika kuongeza mkaa katikati, yaani kuondoa nyama, wavu na sahani ya kukinga moto, vyote vikiwa moto sana. Nimefanya hivyo usiku mmoja, sirudii.

Na usidhani dogo ni jepesi. Mengi yanapita kilo 30, kwa hiyo la kubeba safarini linataka watu wawili. Mimi ningenunua kubwa, kisha niwashe mkaa kidogo siku za kawaida.