Somo: Namna ya kumzuia paka asikuamshe usiku

Wakuu, salaam. Tunaofuga paka ndani kilio chetu ni kimoja. Saa kumi usiku, usingizi ndiyo umekolea, paka anaanza: mara akukanyage tumbo, mara ang'ate kidole cha mguu kilichochomoza nje ya shuka, mara akikwee chandarua mpaka kamba ikatike. Ukiamka ukamtupia vidagaa viwili ili anyamaze, umeshamlipa. Kesho atarudi kudai, tena mapema zaidi. Somo lote liko hapo: acha kulipa usiku, malipo yahamie jioni.

Mjue kwanza. Saa za paka ni magharibi na alfajiri, na kwa siku analala saa 12 hadi 16. Wewe ukiwa kwenye foleni ya Ubungo, yeye yuko juu ya kochi anauchapa usingizi. Ukirudi umechoka, yeye ndiyo betri imejaa.

Hatua ya 1: Hakikisha si ugonjwa

Paka aliyekuwa mtulivu akianza ghafla kulia usiku, hasa aliyevuka miaka 10, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Tezi ya shingo, figo na presha huwasumbua paka wazee, na dalili mojawapo ni hizo kelele. Dume anayechuchumaa kwenye mchanga mara kwa mara na mkojo hautoki, huyo usimsubirishe: njia ya mkojo ikiziba anakufa ndani ya siku chache. Na tafadhali, Panadol usimpe. Kidonge kimoja tu kinaweza kumuua.

Hatua ya 2: Mhasi

Jike anaweza kuingia kwenye joto akiwa na miezi 4 au 5 tu. Akishaingia analia kama mtoto mchanga, anagaagaa sakafuni, na mapaka shume ya mtaa mzima yanahamia juu ya bati lako. Asipopandwa, baada ya wiki mbili tatu anaanza upya. Wenzetu wa nchi za baridi hupata ahueni siku zinapokuwa fupi. Hapa kwetu mchana na usiku vinakaribiana mwaka mzima, kwa hiyo joto halina msimu. Kazi hii ni ya daktari wa mifugo na dawa ya usingizi. Asije mtu na wembe akakwambia anaweza.

Hatua ya 3: Panga jioni yake

Hii ndiyo hatua inayobeba kazi, na ndiyo watu wanairuka.

Mpangilio wa asili wa paka ni kuwinda, kula, kujilamba, kulala. Ukimpa kwa mpangilio huo huo kabla hujaingia kitandani, mwili wake wenyewe unamwambia alale.

Anza na mchezo, dakika 10 hadi 15. Si lazima ununue kitu. Funga unyoya wa kuku mwisho wa kamba, kamba ifunge kwenye kijiti. Iburute pole pole nyuma ya mguu wa kochi, isimamishe, itikise kidogo, kisha ikimbize. Usimsukumie usoni, hakuna panya anayemfuata paka. Utamwona anajibana chini, makalio yanatikisika, halafu anaruka. Mara kadhaa mwache akamate kweli, hasa ile ya mwisho, asibaki na hamu.

Papo hapo mpe mlo mkubwa wa siku. Wengi wetu tunampa ugali na mchuzi, tumbo linajaa lakini paka ni mla nyama, na ugali haumtoshelezi. Chemsha dagaa bila chumvi wala kitunguu, waoshe vizuri mchanga utoke, ongeza kipande kidogo cha ini au firigisi. Ukipita soko la samaki la Feri, vipande vya bei nafuu vipo, ila toa miiba mikubwa. Maziwa acha. Paka wengi wakubwa yanawaharisha, na paka mwenye tumbo la kuendesha hawezi kukuacha ulale.

Baada ya hapo zima taa, na wewe ulale. Ukikaa unachezea simu naye atakaa.

Hatua ya 4: Usiku, kausha

Akija, usimwite, usimsukume, usimfokee. Kwake yeye kufokewa nako ni kujibiwa. Jifanye gogo. Jiandae kisaikolojia: siku za mwanzo kelele zitazidi kabla hazijapungua, maana anajaribu kwa nguvu zaidi kitu ambacho zamani kilifanya kazi. Hapo ndipo wengi wanasalimu amri, na ukimpa chakula siku hiyo umemfundisha kwamba inabidi alie kwa saa nzima. Nyumba nzima mkubaliane, kwa sababu bibi mmoja mwenye huruma anatosha kuharibu kila kitu.

Asubuhi usimlishe pale tu unapofumbua macho. Swali kwanza, piga mswaki, bandika chai, kisha ndiyo umpe. Lengo ni kuamka kwako kusihusiane na chakula chake.

Hatua ya 5: Chumba

Beseni la mchanga au maranda liwe safi, maji yawepo. Chandarua kichomeke chini ya godoro pande zote. Kama ana kengele shingoni, ivue usiku. Paka wa nje wakimchokoza dirishani, ziba sehemu ya chini ya wavu kwa kitambaa. Hewa itapita juu.

MASWALI

Mpangaji, Manzese: Nina chumba kimoja. Mkuu, hapo pa kumfungia sina.

Hatua ya 3 na ya 4 hazihitaji chumba cha pili. Mtafutie tu mahali pa juu: boksi lenye khanga kuukuu juu ya kabati. Paka anapenda kulala akiona kila kitu, na akipapenda hapo kitandani anapunguza kuja.

Mama wa Tandika: Sisi paka tumemfuga kwa ajili ya panya. Nikimshibisha si atabweteka?

Hapana, mama. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, ni silika. Tena mwenye afya ndiye anayekamata vizuri.

Mjamzito: Nimeambiwa nimtoe paka ndani kabisa. Ni kweli?

Si lazima umtoe, dada. Hatari iko kwenye kinyesi, maana kinaweza kubeba vimelea vya toksoplasma. Mchanga abadilishe mtu mwingine, na abadilishe kila siku, kwa kuwa vimelea hivyo vinahitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Nyama iive vizuri, mboga zioshwe. Na kliniki waambie unafuga paka.

Ustadhi: Kuhasi kiumbe kisheria imekaaje?

Masheikh wamekhitilafiana, shehe wangu, muulize unayemwamini. Nitakachosema mimi ni kwamba wale watoto wa paka wanaotupwa jalalani ndani ya kiroba nao ni viumbe.

Kijana wa Sinza: Si rahisi kumtoa nje usiku tu?

Rahisi kwako. Nje kuna bodaboda, mbwa, na panya waliokula sumu ambao naye atawala. Tena atalia mlangoni, na safari hii majirani ndio wataamka.

Mfanyakazi wa zamu, Kigamboni: Nimeona vyombo vya kulishia vyenye saa. Vinasaidia au ni mapambo?

Vinasaidia sana, hasa kwa paka sugu wa saa kumi. Ukikitega kifunguke saa kumi na nusu, paka anaanza kukikodolea macho chombo badala ya uso wako. Baada ya muda unasogeza saa mbele kidogo kidogo. Chukua cha betri, umeme ukikatika kisikwame. Ndani weka chakula kikavu tu. Dagaa wa kuchemsha kwa joto hili watachacha kabla ya alfajiri. Halafu kisimamishe kwenye sinia lenye maji kidogo, la sivyo sisimizi watamtangulia.