Kuiandaa timu ya mbio za siku nne ukiwa Kigoma

Kwenye mbio za siku nne za kukimbia, baiskeli na kasia, saa haisimami mkila, mkilala wala mkipotea. Kwa kawaida timu ni ya watu wanne wa jinsia zote mbili, wanatafuta vituo kwa ramani na dira bila GPS, na mmoja akijitoa, timu nzima inakosa nafasi. Muda mwingi hupotea mkiwa mmesimama, kwa hiyo mazoezi yaanzie hapo.

Nendeni ufukweni Kibirizi na mtumbwi na baiskeli zenu, mzoee kubadili kutoka kasia kwenda baiskeli. Mtumbwi ukigusa mchanga, mmoja akimbie kusaini na kuchukua ramani, wawili waandae baiskeli, wa nne ajaze maji na kugawa chakula. Asikae mtu kabla kazi yake haijaisha. Lengo ni dakika 15. Timu inayotumia 40, ikibadili hivyo mara sita, imeacha saa mbili na nusu njiani.

Kitu pekee kinachoruhusiwa kuwachelewesha hapo ni miguu. Vua viatu, kung'uta mchanga, kausha katikati ya vidole, paka vaselini, vaa soksi kavu. Pakianza kuwaka moto, bandika plasta papo hapo. Lengelenge likishatoka utatembea upande, na baada ya saa chache goti nalo litaanza kuuma. Viatu viwe vikubwa kwa nusu namba au moja, maana miguu huvimba.

Kigoma jua huzama karibu saa moja jioni na kuchomoza karibu saa moja asubuhi, hivyo nusu ya mazoezi yafanyike gizani. Kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Ili mjue umbali mliotembea gizani, pimeni mita 100 barabarani, kila mtu ahesabu mguu wake wa kulia unapokanyaga: wengi hupata 60 hadi 70. Rudieni kwenye vilima vya nyuma ya mji muone hesabu inavyopanda.

Kosa la digrii 5 kwenye dira, kwa kilomita moja, linakutupa karibu mita 90 pembeni. Ukilenga daraja moja kwa moja ukaufikia mto bila kuliona, hujui liko upande gani. Basi lenga makusudi digrii 10 kushoto. Ukifika mtoni, geuka kulia. Na hesabu ya hatua ikionyesha mmepita kwa mita 100 mahali mlipotarajia kijito na hamjakiona, simameni, mrudi mahali mlipokuwa na uhakika napo. Timu zilizochoka hupenda kuilazimisha ramani ifanane na kilichopo mbele yao. Mkiwa kilimani, taa za wavuvi wa dagaa msizidhanie kijiji, zinahama.

Makosa huzidi kati ya saa nane usiku na alfajiri. Laleni hapo kwa muda wa saa moja na nusu hadi mbili, mkiwa mmetegesha kengele kwenye saa za mkononi za watu wawili. Kujikaza macho kunaonekana ushujaa mpaka msoma ramani aanze kuongea na miti.

Chakula: kilokalori 200 hadi 300 kwa saa, hata kama hamna hamu. Mfuko wa saa sita wa mtu mmoja ujae karanga gramu 100, chapati mbili, ndizi mbivu moja na asali vijiko vinne. Ongezeni dagaa wakavu wenye chumvi, kwa sababu kufikia siku ya pili vitamu vinatia kichefuchefu. Maji ya ziwa au mto yatiwe dawa na kusubiriwa dakika 30.

Anayebaki nyuma mpunguzieni begi kabla hajaomba. Akiendelea kuchoka, mkokoteni kwa mpira wa tyubu, ule wa kufungia mizigo, kutoka kiunoni kwa mwenye nguvu. Wengi huona aibu kukokotwa, kwa hiyo zoezeni kwa zamu, kila mmoja avute na avutwe.

Ziwani, Mei hadi Septemba, upepo wa kusini huinua mawimbi makubwa. Tokeni alfajiri, mfuate ufukwe, jaketi okozi likiwa limefungwa mwilini, si limekaliwa. Zoezeni kupindua mtumbwi kwenye kina cha kiuno na kuupanda tena mkiwa na mizigo, na kila begi liwe limefungiwa ndani ya mfuko wa plastiki na kufungwa kwenye mtumbwi.