Kufanya kazi na sikio moja linalosikia

Ukibaki na sikio moja, jina lako huanza kuharibika kabla kazi haijayumba. Kijana anakuamkia upande usiosikia, huitikii, anaondoka akisema siku hizi unaringa. Mtwara na Lindi salamu isiyojibiwa ni dharau, na maneno hayo yanamfikia bosi haraka. Ndiyo maana tunaanza na watu, vifaa baadaye.

Isipokuwa kama usikivu umepotea ghafla, ndani ya siku tatu au chini ya hapo. Hapo nenda hospitali leo hii, Ligula kwa walio Mtwara au Sokoine kwa walio Lindi, uulizie huduma ya masikio, pua na koo. Dawa za steroidi hufaa zaidi zikianzwa ndani ya wiki mbili za mwanzo. Njiani fumba mdomo utoe sauti ya "mmm". Ikivutika kwenye sikio bovu, huenda limezibwa na nta au majimaji. Ikivutika kwenye sikio zima, shaka iko kwenye sikio la ndani au mshipa wa fahamu, na hilo halisubiri. Njiti ya kiberiti na unyoya wa kuku visiingie sikioni.

Kazini, sema mapema na kwa ufupi: "Sikio langu la kushoto halisikii. Ukiniita, njoo kulia au niguse bega." Historia ya ugonjwa si lazima. Anayeficha huishia kuigiza: anacheka wenzake wakicheka, anaitikia "sawa" kwa jambo asilolisikia, kisha anadaiwa ahadi asiyojua kama aliitoa.

Kikaoni kaa pembeni, sikio bovu likielekea ukutani. Katikati ya meza ndipo pabaya kuliko pote, maana nusu ya watu wako upande uliokufa, na kichwa chenyewe huzuia sauti nyembamba kama s, t na f zisivuke kwenda sikio zima. Karani wa mizani ghalani msimu wa korosho anajua hatari yake: "sitini" na "tisini" zinakuwa neno moja. Mwombe anayetaja uzito aseme tarakimu moja moja, "sita, sifuri", umrudishie kwa sauti, kisha usome mzani mwenyewe.

Barabarani tatizo ni kujua sauti imetoka wapi, kwa kuwa ubongo hupima tofauti kati ya masikio mawili. Honi utaisikia, upande wake hutaujua. Kwetu anayekupita hutokea kulia, hivyo bodaboda mwenye sikio bovu la kulia asitoke bila kioo cha kulia, na ageuze shingo kabla ya kukata kona. Dereva wa gari, ambaye abiria wake wako kushoto, husumbuka zaidi sikio la kushoto likiwa bovu.

Uchovu ndio watu wasioutegemea. Kukisia maneno kutwa nzima kunachosha, na jioni nyumbani unajibu kwa mkato, mkeo au mumeo anadhani amekukosea. Mwambie kinachokuchosha. Mazungumzo mazito yaweke asubuhi, na kila baada ya saa mbili tafuta dakika kumi za ukimya. Usiache baraza na harusi moja kwa moja. Kaa na mtu mmoja au wawili, mbali na spika. Huzuni au kukosa usingizi vikizidi wiki mbili, mweleze mhudumu wa afya kama unavyoeleza homa.

Kipo kifaa chenye maikrofoni upande bovu inayopeleka sauti kwenye sikio zima. Husaidia ofisini, lakini hakirudishi uwezo wa kujua sauti inatoka wapi, na penye kelele huleta kelele zaidi. Omba kukijaribu kabla ya kulipa.

Sikio lililobaki halina akiba. Kwenye mashine ya kupulizia salfa au jenereta, ukilazimika kupaza sauti kwa mtu aliye umbali wa mkono, vaa kizibo cha povu: kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma, kiingize, kishikilie sekunde 30 kitanuke. Pamba ya kawaida haizuii kelele vya kutosha.