Orodha ya ndege wako bora wa mwaka huanzia kwenye daftari

Desemba ikifika, watazamaji ndege huulizana mwaka umewaonyesha nini, na majibu mengi huja nusunusu. "Nilimwona gonoleki wa mafunjo pale Dunga, nadhani Machi." Machi au Mei? Mmoja au wawili? Alikuwa ndani ya mafunjo au kwenye kichaka cha nyuma yake? Hilo swali la mwisho ndilo linaloweza kuamua alikuwa ndege gani hasa, na miezi tisa baadaye hakuna wa kulijibu. Maelekezo haya ni ya mtu anayetaka kufunga mwaka akiwa na orodha fupi ya ndege anaoweza kuwatetea mmoja mmoja, hasa kama matembezi yake ni ya Kisumu, Kakamega, Kitale na Nakuru.

Daftari, penseli na saa

Tafuta daftari dogo la jalada gumu linaloingia mfukoni, na penseli mbili. Kalamu ya wino ikirukiwa na maji ya mtumbwi, ukurasa mzima huwa doa la buluu. Andika tarehe, mahali, saa ya kuanza na ya kumaliza, hali ya hewa, aina ya ndege, idadi, na alichokuwa akifanya. Ukimwona ndege usiyemjua, andika sifa zake kabla ya kufungua kitabu cha picha. Ukifungua kitabu kwanza, jicho huanza kuazima: utakumbuka mstari mweupe bawani ambao hukuuona, kwa kuwa mchoro unao.

Saa huwachanganya wengi. "Saa 1 asubuhi" ikiandikwa "1:00" kisha ikahamishiwa kwenye programu ya simu, keremkerem wako anakuwa ameonekana saa saba usiku. Tumia mtindo wa saa 24 kwenye daftari tangu mwanzo: 07:00, 13:30, 18:15. Sauti ya bundi iliyoandikwa "2:00" ni shida zaidi, maana hapo saa mbili usiku na saa nane usiku zote zinawezekana.

Majina nayo yana mtego. Kwa Kiswahili "korongo" anaweza kuwa wa aina nyingi: wale wa kujikunja shingo wakiruka, wale wa kuinyoosha, hata korongo taji. Neno hilo likisimama peke yake daftarini halina faida. Ongeza neno la pili (korongo taji, korongo kichwa-cheusi) au jina la kisayansi. Wavuvi na wakulima wakikutajia jina la kienyeji, kwa mfano ongowang', jina la Wajaluo kwa korongo taji, liandike pia. Mara nyingi wao ndio wanaojua analala wapi.

Huu ni mfano wa maandishi yanayotosha:

*14 Feb, Dunga, ukingo wa mafunjo kusini mwa gati. 06:50–07:20, shwari, mawingu nusu. Gonoleki wa mafunjo 2, wanaitikiana; mmoja alitoka juu ya funjo kwa sekunde 10 hivi: utosi wa dhahabu iliyofifia, mstari mweupe bawani, kifua chekundu cha kuelekea chungwa. Wa pili sauti tu.*

Angalia mwisho wake. Aliyeonekana na aliyesikika wametenganishwa. Ukiandika "2" tu, mwakani utaapa uliwaona wote wawili.

Darubini

Katika 8x42, namba ya kwanza ni ukuzaji na ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza upate upana wa mwanga unaofika jichoni: 42 kwa 8 ni milimita 5.25, ilhali zile ndogo za mfukoni za 10x25 hutoa 2.5 tu. Chini ya miti ya Kakamega tofauti hiyo ni ya kuona rangi au kuona kivuli. Ukuzaji wa mara 10 hukuza na mtetemo wa mkono, kwa hiyo ukiwa kwenye mtumbwi 8 hushinda 10.

Wengi hutumia darubini miaka mingi bila kuirekebisha ifuate macho yao. Fumba jicho la kulia, tazama kibao chenye maandishi kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la kati mpaka herufi zitulie. Sasa fumba la kushoto na uzungushe pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia, bila kugusa tena gurudumu. Weka alama pale pete iliposimama.

Dunga: mafunjo kabla ya upepo

Dunga, ufuko wa Ziwa Victoria, iko kilomita chache kusini mwa Kisumu mjini, na boda inakufikisha ufukweni. Uwe kwenye mtumbwi jua likichomoza, kama 06:30. Asubuhi ziwa huwa limetulia na ndege wa mafunjo huimba. Kadiri jua linavyopanda, upepo wa ziwa huyatikisa mafunjo, kila kitu hucheza na huwezi kujua kipi ni ndege. Vaa koti la kuokolea maisha, chukua mwongozaji wa hapohapo, na mwombe azime injini na kupiga kasia mkifika ukingoni. Yeye ndiye anayejua viboko wamelala upande gani. Siku magugu maji yakiziba njia, msilazimishe kupita: tazameni jakana wakitembea juu yake kwa vidole vyao virefu, kisha mzunguke.

Gonoleki wa mafunjo ndiye anayewapeleka watu Dunga, na ndiye anayekosewa sana. Binamu yake, gonoleki kichwa-cheusi, anaishi vichakani na bustanini Kisumu yote, na mara nyingine hufika hadi ukingo wa mafunjo. Tazama utosi kwanza. Mweusi tititi, bawa lisilo na weupe na tumbo jekundu la kukolea: huyo ni kichwa-cheusi. Utosi wa manjano iliyofifia pamoja na mstari mweupe bawani: wa mafunjo. Ukiona wekundu tu ukipita, andika "gonoleki" na uishie hapo.

Ndani ya mafunjo hayohayo kuna ndege mdogo wa kahawia iliyoiva mwenye madoa meupe begani, *Bradypterus carpalis*. Utamsikia kabla ya kumwona: milio mizito inaanza polepole, inaharakisha, kisha inafuatwa na mpapatiko wa mabawa. Kaa kimya dakika kumi mbele ya shina moja la mafunjo, ukitazama theluthi ya chini, kwa sababu yeye hupanda juu mara chache. Usimchezee sauti yake kwenye simu tena na tena. Anaacha kula na kulisha makinda ili apigane na adui asiyekuwepo, na kesho mgeni mwingine anakuja na simu yake.

Mbayuwayu walio kwenye waya ufukweni wasipitwe. Yule wa Ulaya ana ukanda mweusi uliokamilika kifuani na tumbo jeupe. Yule wa Angola, mwenyeji wa maeneo ya ziwa, wekundu wa koo lake hushuka hadi kifuani, ukanda wake ni mwembamba au umekatika, na tumbo ni la kijivujivu. Ukirudi mjini sikiliza kicheko kwenye miti mikubwa: ni shorobo wa kijivu mwenye mdomo wa manjano. Wakazi wamemzoea hata hawageuki, ila mgeni kutoka Nairobi humweka juu kabisa kwenye orodha yake.

Kakamega: shingo, mikuyu na siafu

Msitu una milango miwili mikuu ya mtazamaji: Isecheno upande wa kusini na Buyangu kaskazini. Mvua hupenda kunyesha alasiri, hivyo kazi ifanyike 06:30 hadi 11:00. Kosa la wageni ni kutembea sana. Msituni ndege wadogo husafiri kwa makundi mchanganyiko. Unaweza kutembea saa nzima bila kitu, kisha aina kumi na tano zikapita juu yako kwa dakika nne. Kundi likifika, usiandike. Mwambie mwenzako aandike huku wewe ukitaja, au rekodi sauti yako kwa simu. Anza na walio juu kabisa, kwa sababu hao, akiwemo *Eremomela turneri* mdogo anayetafutwa na wengi, ndio wa kwanza kupotea.

Tafuta mkuyu wenye matunda yaliyoiva, ukae mbali nao mita 30 hivi. Shorobo mkubwa wa buluu na hondohondo mweusi-na-mweupe watakuja wenyewe. Hondohondo utamsikia kwa uvumo wa mabawa kabla hajatua. Dume akirudi mara kwa mara kwenye tundu moja la mti na matunda mdomoni, huenda jike amejiziba ndani kwa udongo pamoja na makinda. Andika kila baada ya dakika ngapi anarudi, ukiwa mbali. Taarifa kama hiyo ina uzito kuliko kumwona tu akikatiza barabara.

Kuna na siafu. Safu yao ikipita sakafuni mwa msitu, wadudu hukurupuka na ndege kadhaa wa vivulini huifuata kuwadaka. Chomeka suruali ndani ya soksi, simama mita tatu au nne pembeni ya safu, na ukague miguu yako kila dakika moja. Ukisikia kuumwa umechelewa: wameshapanda.

Nakuru: kuhesabu waridi

Ziwa Nakuru limepanda sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010; barabara za kando zilizama na maji yakapungua chumvi. Mwani wanaoula heroe, ambao wengi huwaita flamingo, hustawi kwenye maji ya magadi, kwa hiyo ziwa likiwa tele kundi huhamia Bogoria, Elementaita na kwingine. Uliza hali ya wiki hiyo kabla ya kufunga safari, na ulipie hifadhi kwa eCitizen, tovuti ya serikali, kabla ya kufika langoni. Ndani ya hifadhi unashuka garini mahali palipoidhinishwa tu, kama pale juu ya mwamba wa Baboon Cliff.

Heroe mkubwa ni mrefu na mweupe-waridi, mdomo wake waridi wenye ncha nyeusi. Mdogo ni mfupi, waridi yake imekolea, na mdomo kwa mbali huonekana mweusi mzima. Wachanga wa aina zote mbili ni wa kijivu, usiwaite aina ya tatu. Kwa mwari, subiri aruke: mwari mweupe ana manyoya meusi ya bawa yanayopingana waziwazi na weupe, yule mwenzake mdogo wa kijivu hana tofauti kali hiyo. Mwari mweupe huvua kwa kikundi, yule mwingine mara nyingi peke yake.

"Wengi sana" si idadi. Hesabu ndege 10 kwa kidole, uone wanachukua nafasi gani kwenye darubini. Panua hadi 100, kisha pima kundi zima kwa vipande vya 100. Hesabu kutoka kushoto, tena kutoka kulia. Ukipata 2,300 na 2,900, andika "2,300–2,900, kadirio". Kundi nene hudanganya kwenda chini, kwani walio nyuma hufunikwa na walio mbele. Pale Baboon Cliff juu, kosa hilo hupungua.

Mwezi nao ni ushahidi

Wageni wa Ulaya na Asia hufika kuanzia Septemba na Oktoba, na huondoka Machi na Aprili. Mbayuwayu wa Ulaya anayedaiwa Juni anahitaji maelezo marefu kuliko yule wa Novemba. Si kwamba haiwezekani kabisa kuona wageni miezi hiyo, maana baadhi ya ndege wa ufukoni hubaki mwaka mzima bila kurudi kwao. Ila andika sifa kikamilifu na upige picha hata mbovu: shusha vikombe vya macho vya darubini, bana simu kwenye kioo kimoja, usikuze picha (zoom) kwa simu.

Desemba: kuchagua

Chagua kumi, si zaidi. Pitia daftari ukiweka alama kwa vitu vinne: aina uliyoiona mara ya kwanza, idadi isiyo ya kawaida, tarehe isiyo ya kawaida, na tabia uliyoitazama zaidi ya dakika tano. Adimu peke yake isikutishe. Korongo taji wawili na vifaranga kwenye kinamasi cha Saiwa karibu na Kitale, wakitazamwa nusu saa kutoka jukwaa la mbao, wanastahili kumzidi ndege adimu aliyepita kwa sekunde moja. Ukikuta rekodi isiyo na saa wala sifa, iruke hata kama unaipenda.

Ukitaka rekodi zitumike, zipeleke kwenye mradi wa ramani ya ndege wa Kenya (Kenya Bird Map). Nchi imegawanywa vipande vya dakika 5 kwa dakika 5 za latitudo na longitudo (si za saa), kila upande kilomita 9 hivi. Orodha kamili inahitaji angalau saa 2 za kutazama kwa makini ndani ya kipande kimoja, na inaweza kuendelea hadi siku 5. Aina huandikwa kwa mpangilio wa kuonekana. Aliyekaa upande wa pili wa mpaka hahesabiwi, hata ukimwona vizuri. Mratibu akikuuliza maswali kuhusu ndege fulani, mtumie maandishi ya daftari kama yalivyo, bila kuyapamba.

Orodha ukiiweka mtandaoni, ondoa mahali halisi pa viota. Vifaranga vya korongo taji huibwa na kuuzwa, na aina hiyo imo kwenye kundi la walio hatarini kutoweka tangu 2012. Jina la kaunti, "Trans Nzoia", linatosha. Kagua na picha zenyewe, kwa kuwa simu huhifadhi mahali ndani ya faili.

Kwera (ndege wanaosuka viota) wa kahawia wasio na rangi za msimu, na kila ulichokiacha na alama ya kuuliza, wahamishie ukurasa wa mwisho wa daftari. Mwakani rudi palepale na ukurasa huo mkononi. Madume wakishavaa manjano, nusu yao watakuwa wamejitaja wenyewe.